Kodi ya Mtani

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro kubadilisha mabati ya nyumba ya bibi. Mvua zilikuwa zimekaribia, na mpangaji wa chumba cha mbele alishanipigia simu mara tatu kwamba analala na ndoo. Nikapanda basi la asubuhi, nikafika nikamkuta fundi keshapanda juu anabomoa. Nimekaa uani nasimamia, akaingia jirani yetu wa siku nyingi, ambaye sasa ni bibi kizee anayetembelea fimbo. Nikampa shikamoo yake, nikamvutia kigoda, tukaanza kukumbushana nani yupo na nani hayupo. Tulipofika kwa wapangaji wa zamani akaanza kucheka hata kabla hajasema kitu. "Unamkumbuka yule mtani wenu wa chumba cha tatu? Yule alikuwa mtu, bwana. Siku zile tulicheka."

Mimi sikucheka. Nilimgeukia fundi juu ya paa, nikamwambia aangalie misumari isije ikawaangukia watoto. Bibi kizee akaona nimenuna, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za Dar na bei ya mchele. Lakini moyo wangu ulishachafuka. Huyo mtu anayechekesha mtaa mzima mpaka leo ndiye aliyekula shule yangu. Ngoja nikuhadithie, ndugu yangu, maana wote wanaoisimulia habari hii wanaisimulia kwa kicheko, na mimi nimechoka kuisikia hivyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, na ukumbi mrefu katikati, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Babu aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa kibarua, na bibi akaimalizia kwa maharage ya shamba lake la Mlali. Sisi tulilala vyumba viwili vya nyuma, na vinne vilikuwa vya wapangaji. Mama yangu alikuwa ameolewa Kilosa na mume mwingine, baba sikumjua, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa bibi na babu, na sikuona kama nimepungukiwa kitu.

Alfajiri king'ora cha kiwanda kilikuwa kinalia, na nyumba nzima inaamka kwa pamoja. Unasikia makomeo yanafunguliwa, mtu anakohoa, redio inatafutiwa kituo, halafu inakuja ile harufu ya majiko ya mafuta ya taa iliyochanganyika na uji wa bibi. Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia uani, kuteka maji bombani na kusugua masufuria kwa majivu. Bibi yeye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuangalia mlima. Ukungu ukiwa umeshuka mpaka chini ya migomba, siku hiyo hakuna kuanika chochote, na hata wapangaji walikuwa wanamngojea yeye aseme ndipo wafue.

Kodi nayo ilikuwa na desturi yake. Mwisho wa mwezi mpangaji anakuja uani, anaamkia, anauliza habari za shamba, halafu anaweka hela kwenye mkeka kando ya bibi kama mtu anayeweka kitu kisicho na maana. Bibi haiangalii. Anaendelea kupepeta mchele wake mpaka yule mtu aondoke, kwa sababu kuhesabu hela ya mtu mbele ya macho yake kwa bibi ilikuwa sawa na kumwita mwizi. Hakukuwa na stakabadhi wala mkataba. Na nakwambia kweli, kwa miaka yote niliyokuwa na akili, hakuna aliyepunguza hata shilingi.

Yule bwana alikuja kutafuta chumba siku ya Jumamosi. Alikuwa mrefu, ana mwanya, amevaa suruali yenye mafuta ya mitambo, maana alikuwa fundi pale kiwandani. Bibi akamuuliza kabila lake, akajibu Mnyamwezi, katokea Tabora. Bibi akaweka ungo chini. "Mnyamwezi? Basi hapa umepotea. Nenda kalale stesheni pamoja na mizigo yenu." Yule bwana akaangalia mlango, akaangalia paa, akasema, "Kumbe Waluguru siku hizi mna milango. Nani kawashusha mlimani?" Babu alikuwa amelala ndani, akatoka kwa kicheko. Na hivyo ndivyo alivyopata chumba cha tatu. Wapangaji wote wengine walikuwa wametanguliza kodi ya mwezi mmoja. Yeye hakuulizwa.

Watoto wa siku hizi ukiwaambia utani wanadhani ni kuchekeshana tu. Kwetu Waluguru, ambao Wanyamwezi ni watani wetu, haikuwa hivyo. Mtani anaweza kukutukana hadharani na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuchukua kitu chako na humwiti mwizi. Ukimkasirikia, wewe ndiye unayeonekana huna malezi. Na yeye kwa upande wake, ukifiwa, ndiye anayechimba kaburi, anayepika, anayefanya zile kazi ambazo wafiwa mikono yao haiwezi. Bibi alikulia katika hayo na aliyaamini kuliko alivyoamini serikali.

Mwaka mmoja baada ya yule bwana kuhamia, babu alifariki. Aliugua siku chache tu. Sitaki kuwa mnafiki, kwenye msiba ule yule bwana alifanya kazi. Alichimba kaburi tangu asubuhi, akabeba maji, akachinja. Halafu siku ya tatu, watu wamekaa kimya na bibi amejifunika kanga uso mzima, akatoka chumbani kwa babu amevaa koti la babu na kofia yake, ameinama, anatembea kwa ule mwendo wa babu wa kuvuta mguu mmoja, anauliza kwa sauti ya babu nani kamla kuku wake. Mtu wa kabila jingine angefanya vile angepigwa. Kanga ikaanza kutikisika. Tukadhani bibi analia, kumbe anacheka, na baada ya kucheka ndipo akala chakula kwa mara ya kwanza. Yule bwana akashika sufuria ya pilau akakataa kuiachia mpaka wafiwa wamkomboe kwa hela, wakamkomboa. Kuanzia siku ile, kwa bibi, mtu yule hakuwa mpangaji tena.

Hizo zilikuwa siku za ruksa. Wewe unazikumbuka, kama ulikuwepo. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa ghafla sabuni za kunukia, vitambaa, redio za kaseti. Mitumba ikaingia kwa marobota, na watu waliokuwa wanavaa viraka wakaanza kuchagua rangi. Sisi watoto tulifurahi. Hatukujua kwamba huku kwenye viwanda watu wanapunguzwa. Kiwanda cha yule bwana kilianza kufanya kazi siku tatu kwa wiki, halafu mbili, halafu asubuhi moja king'ora hakikulia. Siku ile bibi alichelewa kuamka, na mimi nikachelewa shule nikachapwa. Wafanyakazi wakaambiwa wangoje kiinua mgongo. Wakawa wanakaa nje ya geti la kiwanda kutwa nzima wanacheza bao.

Yule bwana akaacha kulipa. Mwezi wa kwanza bibi alinyamaza. Wa pili akamwambia kwa njia yao, "Mtani, mwezi umeandama." Akamjibu, "Kumbe Waluguru mnajua kuhesabu miezi? Mimi nilidhani mnahesabu ndizi tu." Uani wote ukacheka. Bibi naye akajibu, "Na nyie mnaojisifu kubeba mizigo, mbona kodi hambebi?" Wakacheka tena, na mwezi ukapita. Ikawa ndiyo burudani ya nyumba kila mwisho wa mwezi. Majirani walikuwa wanakuja kabisa kusikiliza. Nami nilikuwa nacheka, sikatai, nilikuwa mtoto na yule bwana alikuwa anajua kuchekesha.

Akiona bibi amechoka kucheka, alikuwa na neno moja analisema kwa upole. "Siku nikilipwa kiinua mgongo, mtu wa kwanza ni wewe, mtani. Hata mke wangu Tabora atangoja." Bibi aliliamini neno hilo, akaliweka kama akiba.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nilifaulu, lakini nafasi za shule za serikali zilikuwa chache na jina langu halikutoka. Mwalimu wangu mkuu akaja nyumbani mwenyewe, akaketi kwenye mkeka, akamwambia bibi kwamba ni dhambi kuniacha. Kulikuwa na sekondari mpya ya kulipia imefunguliwa, kama zilivyokuwa zinafunguliwa siku zile, na yeye ameshaniombea nafasi. Ila ada ya muhula iwe imefika kabla ya siku ya kufungua shule mwezi wa kwanza, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Bibi akamwuliza kiasi. Mwalimu akataja. Bibi akasema jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. "Maharage ya vuli yatanunua sare na madaftari. Kodi ya chumba cha tatu ndiyo ada yake."

Ilikuwa inatosha kweli. Miezi kumi na mmoja ya yule bwana ilikuwa inalipa ada ya muhula na chenji inabaki. Kuanzia hapo nilimtazama yule mtu kwa jicho lingine. Akipita ukumbini na taulo lake namwona amebeba shule yangu begani. Nikawa nampelekea maji ya kuoga bila kuagizwa, nampigia pasi shati, nampelekea ndizi za bibi zikiwa bado za moto. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilidhani nikimtunza vizuri atalipwa haraka.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi cherehani, mzee mmoja Mnyamwezi pia, mtaratibu, aliyekaa Morogoro tangu ujana. Huyo naye na bibi walikuwa watani, wanatukanana kutoka kibaraza hiki hadi kile. Asubuhi moja, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mimi na bibi tumefunga vikapu na magunia matupu tunakwenda Mlali kuvuna maharage, mzee akavuka barabara akiwa bado na futi shingoni. Hakuwa anacheka. "Mtani, usiende shamba leo. Wale wa kiwandani wamelipwa juzi. Mwenzetu kaniuliza wapi atapata mkokoteni. Anakuhama."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Unataka maharage yangu yaozee shambani nije kuomba kwako?"

"Mimi sitanii."

"Mnyamwezi asiyetania bado hajazaliwa. Toka njiani, mzigo wako usije ukanigonga."

Mzee akanigeukia mimi, kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. Nilimwona usoni kwamba anasema kweli. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa kumwambia bibi, na sikusema. Mtoto aingilie utani wa wakubwa aseme nini? Bibi akanishika mkono, tukaondoka, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake akirudia maneno ya mzee. Miaka yote ile alikuwa amemsikia akitania tu, na siku alipokuja na maneno ya kweli, bibi hakuwa na sikio la kuyapokea. Hilo ndilo kosa lililonimaliza, na hakuna mtu mwingine angelifanya isipokuwa sisi.

Mlali tulikaa siku tano. Hata sasa nikisikia harufu ya maganda makavu ya maharage naona tumekaa kwenye turubai, bibi anapiga kwa fimbo na mimi napepeta, vumbi linawasha shingoni, na chini ya mti maharage mabichi yanachemka na ndizi kwa chakula cha mchana. Yalikuwa maharage mazuri mwaka ule. Bibi alikuwa anajaza kibaba anasema, hiki soksi, hiki daftari la hesabu, hiki kalamu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ndiyo maana hasira yake haijaisha.

Tuliporudi chumba cha tatu kilikuwa wazi. Alikuwa amekifagia. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye pete yake na ufunguo umo, na sakafu imepigwa maji kama mtu anayengojea wageni. Bibi akasimama mlangoni na gunia kichwani bila kulitua. Ndipo wapangaji wakatueleza, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitazama pembeni. Aliondoka mchana kweupe, saa nne asubuhi. Aliwaambia anapeleka kitanda na kabati sokoni kuviuza ili amlipe mtani wake, kwa kuwa amechoka kudharauliwa na Mluguru. Watu wakacheka wakamsaidia kupakia kwenye mkokoteni. Jirani yetu, huyuhuyu niliyekutajia mwanzo, ndiye aliyeshika ule upande wa kitanda wenye godoro.

Bibi akatua gunia. Akaingia ndani ya chumba, akakizunguka, akatoka akasema, "Ameniweza." Halafu akacheka. Nilidhani ni mshtuko. Nikamwambia twende kwa balozi wa nyumba kumi, tukaenda, naye balozi akauliza karatasi ya makubaliano iko wapi. Hatuna. Akauliza ni mtani wako kweli au si mtani? Ni mtani. Balozi akatikisa kichwa akitabasamu, akasema hapo mama nitaandika nini. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia bibi kuna polisi pia. Akasimama barabarani. "Nimshitaki mtani polisi? Siku nikifa nitazikwa na nani?"

Kwake swali lile lilikuwa zito kweli, wala hakuwa anakwepa. Lakini mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki, na zilikuwa nane.

Mpangaji wetu mmoja alikuwa dereva wa lori la kwenda Matombo. Siku ya nne baadaye akaja na habari kwamba amemwona yule bwana kwenye gulio la Mkuyuni, amepanga mitumba, robota zima, anauza kama mwenye duka. Kiinua mgongo kilikuwa kimegeuka robota. Bibi akavaa gauni lake la sikukuu na kanga mpya, akanivalisha viatu, tukapanda mbele kwenye lori. Niliomba Mungu njia nzima. Kulikuwa kumenyesha, barabara nyekundu inateleza, milima imejifunika nusu, na kila tukisimama wanawake wanaleta madirishani mananasi na mafenesi. Bibi hakununua kitu wala hakusema neno. Nikadhani anapanga maneno yake, nikafurahi.

Mkuyuni siku ya gulio ni watu tupu. Tulimwona kwa mbali kwa ule urefu wake, amesimama katikati ya nguo amejitwisha mashati begani, anaita wateja. Na yeye akatuona. Nilimwangalia sana usoni, na nakuambia kwa nusu dakika yule mtu aliogopa. Mashati yalianguka begani. Bibi angesema neno moja wakati ule, neno moja tu la kawaida, nadhani angelipa. Robota lilikuwa pale, hela ilikuwa mfukoni mwake, na watu walikuwa mashahidi.

Lakini yeye ndiye aliyewahi. Alipanua mikono akapaza sauti gulio zima limsikie. "Jamani, njooni muone! Mtani wangu kafunga safari kuja kunidai. Mluguru anamdai mtani! Hivi hapa Mkuyuni hamna wazee wa kumfundisha huyu?"

Wewe fahamu kwamba Mkuyuni ni kwa Waluguru. Kila aliyekuwa pale alikuwa mtani wake yeye, na wote wakaangua kicheko. Wazee waliokuwa wanauza tumbaku wakageuka kumtazama bibi, na wanawake wenye mafenesi wakasimama. Nilimvuta bibi kanga. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, mwambie ada. Mwambie shule ni Jumatatu." Akanifinya mkono chini ya kanga, akanifinya kweli, mpaka kucha zikaingia. Halafu akacheka. Akamwambia, "Nikudai wewe una nini? Nimekuja kuangalia kama bado hujaliwa na mbu." Watu wakapiga makofi. Yule bwana akainama akatafuta kwenye lundo, akatoa sweta la mtoto, la kijani, likiwa na kifungo kimoja, akamrushia. "Mpe mjukuu wako asife na baridi ya mlimani." Bibi akalidaka. Kwa desturi zao hesabu ilikuwa imekwisha hapo, mtani ametoa na mtani amepokea.

Tukala mihogo ya kuchoma pamoja naye. Ndiyo, tulikula. Bibi na yule bwana walikaa kwenye kipande cha turubai wakakumbushana mazishi ya babu, na bibi akacheka tena kwa lile koti na kuku. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao nimeshika sweta. Sikulia. Nilikuwa naangalia mfuko wa shati la yule bwana, hela zilivyouvimbisha, na kila mteja akilipa anauvimbisha zaidi.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Mwalimu wangu alikuja jioni kuuliza, bibi akamwambia mambo hayakwenda vizuri, akampa kibaba cha maharage. Mwalimu alikikataa kwanza, kisha akakipokea kwa heshima, akaniangalia akaondoka. Nafasi alipewa mwingine, msichana niliyekuwa namfundisha hesabu za sehemu. Maharage ya soksi na madaftari tuliyala mpaka mwezi wa nne.

Yule mzee wa cherehani ndiye aliyeniita. Hakusema "nilikwambieni." Alisogeza stuli yake kando, akaniwekea ya pili, akanifundisha kupiga pindo, na hakunidai hata senti. Nimeishi kwa cherehani mpaka leo, nimesomesha watoto wawili kwa cherehani, na nyumba hii ya bibi nimeitunza kwa cherehani. Kwa hiyo usinihurumie kupita kiasi. Ila kila mwisho wa mwaka wananiletea oda za sare za sekondari, sketi za bluu na mashati meupe, nazishona mpaka vidole vinauma, na mtu akiniuliza mbona fundi siku hizi mkali, namjibu ni macho tu yananisumbua.

Bibi aliendelea kupangisha. Chumba cha tatu aliingia mtu mwingine, akaja na karatasi yake mwenyewe, akataka bibi atie dole gumba. Baadaye ikawa wote wanataka karatasi. Halafu kila mlango ukawa na mita yake ya umeme, kila mtu na jiko lake chumbani, na uani pakabaki kuku na kamba za kuanikia. Watu hawakuja tena kukaa. Siku hizi napangisha kwa dalali, miezi sita mbele, na sijui majina ya nusu ya watu wanaolala chini ya mabati yangu. Wazee wanasikitika kwamba utani umekufa, vijana hawaujui, mtu akimtania mwenzake barabarani anaitiwa mgambo. Wananiambia mimi kwa kuwa wanadhani nitasikitika nao. Sisikitiki. Kama umekufa, uzikwe.

Lakini wewe nitakwambia ukweli, kwa kuwa tumefika mbali. Yule bwana simchukii tena. Alikuwa mtu asiye na kazi mwenye mke Tabora, alipata hela mara moja katika maisha yake, akaona njia, akapita. Ni bibi. Ni ule mkono chini ya kanga, na kicheko kile kilichofuata. Alikuwa na uchaguzi kati yangu mimi na watu wa gulioni ambao hata majina yao hakuyajua, na nilimwona akichagua. Usiku ule wa kurudi alinipaka mafuta ya nazi pale aliponifinya, taratibu, bila kusema, na najua alikuwa anaomba msamaha kwa namna yake. Nilijifanya nimelala.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Tulikula sahani moja, tukalima Mlali pamoja, nikamuuguza. Alikuwa akinisimulia vichekesho vyake vya zamani, na kila akifika mahali pa kucheka ananiangalia kama anayebisha hodi. Sikumfungulia hata siku moja. Alifariki nikiwa bado namwamkia tu, shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, na katikati hakuna kitu.